Kunakshi ngozi na kujitengenezea vifaa vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali wanayoyarudia watu wanaoanza kunakshi ngozi kwa mkono, hasa wale ambao wameona bei ya vifaa vya kuagiza nje wakakata tamaa. Usikate tamaa. Karibu kila kifaa cha kazi hii kinaweza kutoka kwenye msumari, bolti au tupa iliyochakaa. Usipokuwa na muda, soma sehemu ya ngozi na ile ya kulowesha kabla ya kushika tupa, maana muhuri mzuri kwenye ngozi isiyofaa ni kazi bure.

## Ngozi yenyewe

Kunakshi ngozi ni kufanya nini hasa?

Unachora ua au jani juu ya ngozi yenye unyevu, unafuatisha mchoro kwa kisu bila kupasua hadi upande wa pili, kisha unagonga upande mmoja wa mkato kwa muhuri wa chuma ili ushuke. Upande wa pili unabaki juu, na ua linaonekana limeinuka. Hakuna kinachobanduliwa, tofauti na kuchonga mti.

Kugonga mihuri peke yake, bila kisu, ni kazi nyingine na ni rahisi zaidi: unapanga alama za duara, nyota au ukindu hadi zijaze mkanda. Wengi huanzia hapo, na ni pazuri pa kuanzia.

Mtindo wa maua yaliyojikunja kwa kusongamana, unaoonekana kwenye video nyingi, ulitokea kwa watengeneza matandiko ya farasi wa Sheridan, jimbo la Wyoming nchini Marekani, na jina linalotajwa zaidi ni la fundi Don King. Hulazimiki kuufuata. Milango ya Lamu na Unguja imejaa maua, minyororo na majani ambayo yanakaa vizuri sana kwenye ngozi, na kwa maoni yangu mkanda wenye nakshi ya mlango wa Unguja unapendeza kuliko nakala ya kumi ya ua la Wyoming.

Ngozi gani inakubali nakshi?

Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, ambayo hapa nitaiita ngozi ya magome. Katika Afrika Mashariki gome linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni la miwati, ile miti iliyopandwa kwa wingi Njombe. Tanini iliyomo kwenye gome ndiyo inayoifanya ngozi ikilowa ilegee kama udongo wa mfinyanzi, na ikikauka ibaki na umbo ulilolipa.

Ngozi ya kromu, iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu, ndiyo iliyojaa kwenye mikoba, makochi na viatu vingi vya dukani. Ni laini na inavumilia maji, lakini ukiigonga inarudi juu. Hakuna ujanja wa kuilazimisha.

Nitajuaje kama ngozi niliyouziwa ni ya magome?

Angalia ubavu uliokatwa. Ngozi ya magome huwa ya kahawia au rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, toka juu hadi chini. Ya kromu mara nyingi ina kijivu au ubuluu katikati hata kama juu imepakwa rangi ya kahawia.

Dondoshea tone la maji upande laini. Ya magome isiyopakwa kitu hulinywa na kuacha doa lililokolea ambalo hufifia likikauka.

Bado una shaka? Kata utepe wa upana wa kidole na uutumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili. Ya magome hujikunja, husinyaa na kuwa ngumu. Ya kromu hutoka karibu kama ilivyoingia. Kuna wanaopima kwa kuchoma kipande. Usifanye hivyo, kwa sababu moshi na majivu ya ngozi ya kromu vinaweza kuwa na sumu.

Ninunue ya unene gani?

Mkanda wa kiuno: milimita 3 hadi 4. Kava la daftari au ala ya kisu: 2 hadi 3. Pochi: 1.2 hadi 1.6, na nakshi iwe nyepesi. Kwa mazoezi chukua ya milimita 3, kwani inasamehe mkono ambao haujazoea. Video za Kimarekani hutaja aunsi. Aunsi moja ni karibu milimita 0.4, hivyo wakisema aunsi 8 wanamaanisha takriban milimita 3.2.

Naipata wapi, na nani anaweza kunifundisha?

Nairobi, soko la Kariokor ndilo lenye mafundi wengi wa viatu na mikanda ya ngozi, na vipande vinavyobaki kwao vinatosha kabisa kwa mazoezi. Mjini kwako, muulize fundi wa makubadhi au wa mikanda anakochukua ngozi ngumu ya soli. Mara nyingi hiyo ndiyo ya magome. Kwa mafunzo rasmi ya teknolojia ya ngozi kuna kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri.

## Kulowesha

Kwa nini nakshi yangu inafifia ikikauka?

Karibu kila mara sababu ni maji. Ngozi ikiwa imelowa mno, muhuri unazama kama kwenye matope, maji yanachuruzika pembeni mwa chuma, na alama inajaa tena polepole. Ikiwa kavu mno, muhuri unadunda na alama inakuwa ya juujuu.

Fanya hivi. Pitisha sponji yenye maji upande wa nyuma kwanza, halafu mbele, kwa mikono mirefu isiyokatika ili pasibaki mipaka ya maji. Itie kwenye mfuko wa plastiki, ukunje mdomo, iache usiku kucha. Asubuhi itoe na uiweke mezani. Usianze bado. Subiri hadi rangi irudi karibu na ile ya ukavu, lakini ukiigusisha shavuni uhisi ubaridi. Hapo ndipo penyewe: ukigonga, alama inaacha rangi ya kahawia iliyokolea, kana kwamba imeungua kidogo. Ukiiona rangi hiyo, endelea bila kupoteza muda. Ikipotea, pitisha sponji iliyokamuliwa vizuri na usubiri tena.

Naweza kuiacha kwenye mfuko siku ngapi?

Pwani, siku moja. Ya pili ukungu unaanza. Nyanda za juu zenye baridi unaweza kwenda siku mbili au tatu. Ukiahirisha kazi, ihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko wake. Madoa ya ukungu yakishaingia hayatoki kirahisi.

## Kujitengenezea vifaa

Nianze na vifaa vingapi?

Vinne: kisu cha kuzunguka (ambacho mwili wake unazungushwa kwa vidole unapofuatisha mchoro), muhuri wa mteremko wa kushushia upande mmoja wa mkato, muhuri wa usuli wa kujazia nafasi kati ya maua, na muhuri wa mbegu kwa ajili ya kitovu cha ua. Kwa hivyo vinne unaweza kufanya ua kamili. Seti za mihuri 20 za bei ya chini zinazoagizwa mtandaoni mara nyingi huja na nyuso zenye mikwaruzo na kingo kali zinazokata ngozi, na utajikuta unazisugua upya zote.

Chuma gani kinafaa kwa mihuri?

Msumari wa inchi 6 unatosha kabisa. Ni laini kwa tupa, una unene wa karibu milimita 6, na ngozi haitauchosha. Kwa mihuri mipana tumia bolti ya milimita 8 au 10. Epuka yenye maandishi 8.8 kichwani ukiwa unaanza, kwa sababu ni ngumu na itakula tupa zako. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ni ngumu zaidi kuipiga tupa lakini haiachi madoa. Angalia swali la madoa meusi hapo chini. Shaba ya njano nayo ni nzuri sana ukiipata kwa wauza vyuma chakavu.

Usichome wala kutia kwenye grainda kwa muda mrefu chuma kilichopakwa zinki. Moshi wake unaleta homa na kifua kubana.

Muhuri wa mteremko unatengenezwaje?

Huu ndio muhuri utakaoushika kuliko yote, kwa hiyo uutengeneze bila haraka.

Kata kichwa cha msumari na ncha yake kwa msumeno wa chuma, ubaki na sentimita 10 au 11. Bana kwenye jiliwa, sawazisha ncha moja kwa tupa bapa hadi iwe tambarare. Sasa punguza pande mbili ili uso uwe mstatili mwembamba kidogo kuliko msumari. Halafu piga tupa uso wenyewe kwa kuinamisha: ukingo mmoja ubaki chini, huo ndio utakaokaa ndani ya mkato wa kisu, na ukingo wa pili upande juu. Msumari ukisimama wima, uso unakuwa paa la upande mmoja.

Sasa kazi inayotenganisha muhuri mzuri na mbaya. Pembe zote nne za uso, na hasa zile mbili za ukingo wa juu, ziviringishe kwa msasa hadi kucha ikipita isikwame. Pembe iliyoachwa kali itaandika alama kila unapogonga, na utaona ngazi ngazi badala ya mteremko laini. Endelea na msasa wa 400, kisha 800, kisha 1000, kwa kuuweka msasa juu ya kioo na kusogeza chuma. Maliza kwa Brasso na kitambaa hadi uone taa ikijitokeza kwenye uso. Muhuri wenye uso kama kioo unaifanya ngozi ing'ae palepale, hata kabla ya mafuta.

Kabla ya kuupeleka kwenye ngozi, ubonyeze kwenye mche wa sabuni. Sabuni inaonyesha kila kasoro.

Na mihuri ya mbegu na ya usuli?

Mbegu: sawazisha ncha ya msumari, tia alama katikati kwa senta panchi, toboa kwa biti ya milimita 2 kwa kina kidogo tu, kisha nyembesha msumari kwa nje hadi ubaki ukuta mwembamba kuzunguka tundu. Ukuta uwe wa duara mdomoni, usiwe mkali, la sivyo utakata vibonge vya ngozi.

Usuli: uso wenye umbo la tone, na juu yake mistari inayokatana iliyopigwa kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Mistari ya milimita moja moja inatosha. Ncha nyembamba ya tone ndiyo inayoingia kwenye kona kati ya majani mawili, kwa hiyo iwe nyembamba kweli.

Kisu cha kuzunguka nacho kinawezekana nyumbani?

Kinawezekana, ingawa kama una fedha ya kifaa kimoja tu cha kununua, nunua hiki. Kina sehemu tatu: kikalio cha kidole cha shahada juu, mwili unaozungushwa kwa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na wembe chini.

Mwili: kipande cha bolti ya milimita 12, urefu wa sentimita 5 au 6. Juu toboa tundu lililonyooka katikati, kina sentimita 2. Kikalio: ukanda wa bati nene la milimita 2 uliokunjwa mfano wa herufi U na kutobolewa chini. Msumari wenye kipenyo cha karibu milimita 5 unapita kwenye tundu la U na kushuka kwenye tundu la mwili. Kichwa chake kinakaa ndani ya U, na kidole chako kinakibana kwa juu. Tia grisi tone moja. Mwili utazunguka bila beringi yoyote. Tundu likipinda hata kidogo kisu kitayumba, hivyo kama huna drili ya kusimama, mpelekee fundi wa mashine akutobolee.

Wembe: kipande cha tupa bapa iliyochakaa, upana wa milimita 8 hadi 10. Usitafute bleti nyembamba ya msumeno, kwa sababu unene wa wembe ndio unaoufungua mkato ili muhuri uingie. Saga meno ya tupa yote yaishe pande mbili, huku ukichovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu mahali hapo. Usijaribu kuutoboa wembe huu, hautoboki. Kata mfereji chini ya mwili wa kisu, ingiza wembe, ufunge kwa gundi ya epoksi na waya wa shaba. Makali yawe yamenyooka, yamenolewa sawa pande zote mbili, na katikati yake ilingane na mhimili wa mwili.

Vaa miwani ya kinga wakati wote wa kusaga tupa. Ni chuma kinachomeguka na vipande vyake vinaruka.

Je, lazima nichome vifaa viwe vigumu?

Mihuri, hapana. Misumari na bolti za kawaida zina kaboni kidogo, hata ukizichoma na kuzichovya hazigeuki kuwa ngumu za maana. Wembe wa tupa tayari ni mgumu kupita kiasi. Uweke kwenye oveni nyuzi 200 za Selisiasi kwa saa moja kabla ya kutia gundi, ugumu upungue kidogo na usivunjike.

Ukimwomba mhunzi akufulie wembe toka mwanzo, utaratibu ni kuchoma hadi sumaku isishike, kuchovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, kisha oveni kama hapo juu. Fanyieni nje. Oili chafu ya gari inatoa moshi mbaya.

Nagonga kwa nyundo gani, na juu ya nini?

Nyundo ya mti mzito au ya ngozi mbichi, uzito wa karibu nusu kilo. Nyundo ya chuma inafumua vichwa vya mihuri na inaumiza kiwiko. Wachonga vinyago kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam, hubakiwa na vipande vya mpingo. Kipande kimoja chenye mpini ni nyundo ya maisha.

Chini weka jiwe: kipande cha graniti au marumaru chenye unene wa sentimita 3, kutoka kwa mafundi wa kaunta za jikoni au wa mawe ya makaburi. Meza ya mbao pekee inameza pigo. Kama majirani wanasikia kelele, weka mpira wa tairi chini ya jiwe. Usiuweke kati ya jiwe na ngozi.

## Mambo yanapoharibika

Kwa nini ngozi inapata madoa meusi ninapogonga?

Chuma, maji na tanini vikikutana huzaa rangi ya buluu inayoelekea weusi. Inatoka kwenye msumari wenye kutu, vumbi la tupa lililobaki mezani, hata pete ya chuma kidoleni. Ndiyo maana usipige tupa na kunakshi kwenye meza moja bila kuifuta. Futa uso wa muhuri kwa kitambaa kikavu kila unapopumzika, na baada ya kazi upake mafuta kidogo.

Doa likishatokea, paka maji ya limau kwa pamba, subiri dakika chache, kisha suuza kwa maji safi. Usiiache ile asidi ndani ya ngozi.

Je, weusi huo naweza kuutumia kama rangi?

Ndiyo, na ni rangi nzuri mno kwa sababu inaingia ndani na haihamii kwenye nguo. Tia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, ndani ya lita moja ya siki nyeupe. Zile zisizoshika kutu hazitayeyuka. Usikaze kifuniko, gesi inahitaji kutoka. Baada ya wiki moja au mbili chuja kwa kitambaa. Ukipaka kwenye ngozi ya magome itageuka nyeusi mbele ya macho yako. Suuza kwa maji yenye bekingi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, halafu maji matupu, halafu mafuta.

Tone la maji haya pia ni kipimo kingine cha kutambua ngozi ya magome: ya kromu haigeuki hivyo.

Kisu kinakwama na kuvuta ngozi. Nifanye nini?

Nolea kwenye jiwe laini mara moja, kisha uking'arishe: bandika kipande cha ngozi kwenye ubao, paka dawa ya kung'arishia chuma, na uvute wembe kinyumenyume. Rudia kila baada ya dakika chache za kukata. Kama bado kinakwama, ngozi imekauka. Kata kina cha theluthi hadi nusu ya unene, simamisha kisu wima kushoto na kulia, kiinamishe mbele kidogo ili kona moja ya makali ndiyo ikate, na ukivute kuelekea kwako.

Nipake mafuta gani mwishoni?

Mafuta ya kwato za ng'ombe ukiyapata, au ya zeituni, kwa mkono mwepesi, siku moja baada ya ngozi kukauka. Mafuta ya alizeti hubaki yakinata. Ya nazi huganda na kuacha weupe kwenye baridi ya Mbeya au Limuru. Baada ya mafuta, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya zeituni, nta sehemu moja kwa mafuta sehemu mbili, kisha sugua kwa kitambaa.

## Hali zisizo za kawaida

Ngozi ya mbuzi je?

Ikiwa ya magome inapokea mihuri myepesi, lakini haina unene wa kukatwa kwa kisu. Unaweza kuibandika juu ya ngozi ya ng'ombe na kugonga zote pamoja.

Naweza kunakshi mkoba ulioshonwa tayari?

Kama umepakwa rangi ya kufunika au vanishi, maji hayaingii na haitawezekana. Nakshi hutangulia, mshono hufuata.

Na ngozi ya mamba au ya mnyama mwingine wa porini?

Usiiguse bila vibali. Tanzania hizo ni nyara za serikali na kukutwa nazo ni kosa la jinai. Kenya nako sheria ni kali.

Nataka muhuri wenye herufi za jina langu. Nianzie wapi?

Herufi ziwe za kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi nyembamba, igeuze, ibandike kwenye uso wa bolti, na upige tupa sehemu zinazozunguka herufi, ukibonyeza kwenye sabuni kila hatua. Chagua shaba ya njano, kwa kuwa herufi ndogo kwenye chuma zitakuchosha. Herufi moja kwa kila muhuri ni rahisi kuliko jina zima, na A, H, I, M, O, T, U na V hazina kinyume, hivyo kama jina lako lina mojawapo, ianze hiyo.